Zamu Yangu ya Simu

Machi 4

Leo nimekabidhiwa simu. Tulipiga kura kwa kuinua mikono, kama tufanyavyo kikaoni kila msimu unapogeuka. Mpiga picha kapewa uenyekiti. Dereva wa gari la taka kapewa viti, kuvipanga na kuvikusanya, na mabega yake yalivyo hakuna aliyebisha. Mimi nimeangukiwa na simu.

Ni ile ndogo ya vitufe, mfuniko wake wa nyuma umeshikiliwa na mpira. Namba yake ndiyo iliyo kwenye vikaratasi tunavyobandika zahanati na stendi: Kama pombe imekushinda, piga. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote pale. Ni mama mstaafu aliyekuwa akiunganisha watu kwenye mtambo wa simu, enzi za waya na matundu. Alipoacha pombe akaishika simu ya ushirika wetu sisi tulioacha, na hakuna aliyewahi kumwomba aiachie. Safari hii Mpiga picha alisema taratibu kwamba huduma zetu ni za kupokezana, hazina mwenyewe. Shangazi aliinua mkono kukubali. Mkono wake ulikuwa wa mwisho kupanda.

Alinikabidhi mlangoni, watu wakiwa wameshatawanyika.

“Usihubiri,” akasema. “Usiahidi. Na usikate wewe wa kwanza.”

“Nimekuelewa, Shangazi.”

“Hujanielewa. Utanielewa.”

Nikasema moyoni, huyu mama kazidi.

Machi 5

Hakuna aliyepiga.

Machi 7

Kapiga bwana mmoja anataka chakula cha kuku. Nikamwambia amekosea namba. Akaniomba basi nimtajie wanaouza.

Machi 9

Mvua imekaza. Mimi ni mpaka rangi, na mvua zikishika, kuta za nje hazina kazi na za ndani hazikauki. Nashinda nyumbani kwa dada yangu. Ndiye aliyenichukua nilipokuwa sina mbele wala nyuma, akanipa chumba cha uani na masharti mawili: nisinywe, na nisimsimulie nilivyoacha. Anaoka mikate ya oda, nami namsaidia kubeba magunia ya unga. Kikao chetu anakiita klabu ya chai.

“Klabu yenu ya chai imekufanya opereta,” alisema leo, akiiangalia simu mezani. “Mbona hailii?”

“Ikilia ujue kuna mtu ana shida.”

“Basi na isilie,” akasema, akarudi kwenye unga wake.

Nikitoka kikaoni huwa ananisogelea kana kwamba anapokea koti. Ananinusa. Anadhani sijui.

Machi 12

Kikao. Chumba chetu kiko nyuma ya zahanati, kimeezekwa bati tupu, na mvua ya leo ilipiga hata mtu aliyekaa karibu humsikii. Tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Ilikuwa zamu ya fundi bomba kusema yake, na akawa anafoka kabisa, “Chupa nilikuwa naficha kwenye ndoo ya nepi za mtoto,” na hapo hapo mvua ikakatika, ghafla, kama mtu aliyefunga koki. Neno “nepi” likatoka hadi barabarani. Kuna mtu huko nje akaitikia, “Pole, ndugu.”

Tulicheka mpaka Dereva akaamka. Huyu bwana hulala kila kikao, mikono kifuani. Sijui huwa anafuata nini.

Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama simu iliyokuwa mapajani mwangu.

Machi 15

Mara mbili leo. Kila nikipokea, kimya, halafu inakatwa.

Machi 16

Tena. Safari hii mwanamke alisema, “Shangazi yupo?” Nikasema hayupo, ila mimi naweza kumsikiliza. Akakata.

Machi 19

Nilimweleza Shangazi kwamba kuna mwanamke anapiga na akisikia sauti ya kiume anakata. Nilidhani atanishauri.

“Simu umepewa wewe,” akasema. “Ishike.”

“Lakini wewe unamjua.”

“Ninachokijua nilikijua kwenye simu. Hakitoki.”

Akafungua mwavuli wake na kushuka ngazi. Kanuna tu, nikajiambia. Kanyang’anywa kiti chake na sasa anataka nishindwe. Nilimweleza Mpiga picha hivyo hivyo, wakati tukifuta maji yaliyovuja sakafuni. Mpiga picha ni mama mwenye studio ya picha za vitambulisho, na amezoea kutazama watu usoni.

“Hajanuna,” akasema. “Mtu aliyenuna hutazama pembeni. Yeye anatazama mbele kama anayesubiri jambo.”

Sikumwelewa.

Machi 24

Simu moja ndefu. Mzee mmoja, hakutaka msaada wowote, alitaka kunihadithia jinsi alivyokuwa mchezaji hodari wa mpira. Nilimsikiliza hadi sikio likawaka moto. Nilitamani kukata, nikajizuia. Mwisho akasema, “Haya, leo sijanywa bado, ngoja nikalale,” na jua lilikuwa halijatua. Akakata yeye.

Kwa hiyo ndivyo kazi ilivyo.

Machi 29

Mvua. Mvua. Nguo hazikauki, mkate unaota ukungu kabla ya kuuzwa. Dada kakunja uso tangu asubuhi.

Aprili 2

Shangazi hakuja kikaoni. Sitaficha: kikao kilikuwa chepesi bila macho yake kwenye simu. Hata nilisema neno, na mimi si msemaji.

Aprili 5

Hakuja tena. Mpiga picha alimpigia kwenye simu yake mwenyewe. Akajibu ana mafua, asisumbuliwe. Barabara ya kwake imejaa maji, kila mtu akaona ni sababu tosha.

Aprili 9

Yule mwanamke kapiga. Alipumua kidogo kabla ya kukata. Nilimwambia haraka, “Si lazima useme kitu.” Alikaa kama nusu dakika hivi. Ndiyo mara yake ndefu kuliko zote.

Aprili 12

Hamna simu. Nimepaka rangi sebule ya jirani, haikauki, tunaipepea kwa magazeti.

Aprili 17

Naandika asubuhi ya kumi na nane, lakini ni ya jana, na nataka niiweke yote.

Baada ya chakula cha mchana mvua ilinyesha kwa namna ambayo hata dada aliacha kukanda akasimama dirishani. Mbele ya nyumba hapakuwa na barabara tena, palikuwa na maji ya rangi ya chai yanayokwenda na ndala ya mtu. Simu ikalia.

“Haloo,” nikasema. “Karibu. Ongea tu, nakusikiliza.”

Nilisikia mvua ya upande wa pili, inapiga paa jingine.

“Kuna mwanamke mmoja,” sauti ikasema. “Alikuwa ameacha. Siku nyingi sana.”

Nilimjua kabla hajamaliza. Nani asiyeijua sauti ile, ilivyonyooka, kila neno limekaa mahali pake kama nguo zilizopigwa pasi? Isipokuwa jana pasi haikuwa imepita. Jina lake likanifika ulimini, nikalimeza. Mwenyewe alikuwa hajalitaja, nami sikuwa na haki ya kulitaja kabla yake.

“Nakusikia,” nikasema.

“Amekunywa. Tangu asubuhi.”

“Yuko peke yake?”

“Yuko peke yake. Nyumba imenyamaza. Anasikia simu inalia, anainuka kwenda kupokea, anakuta hailii. Hana tena simu ya kupokea watu.” Akavuta pumzi. “Unaielewa hiyo?”

“Naielewa.”

“Huielewi,” akasema, lakini safari hii bila ukali.

Nilimuuliza kama huyo mwanamke amekula. Hajala. Nikamuuliza pombe iko wapi. Iko mezani, imebaki nusu, na yeye amekaa mbele yake kama mtu aliyeitwa ofisini. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, ya siku alizojenga, ya watu aliowaokoa, na nikaisikia mwenyewe jinsi inavyonuka mahubiri. Nikaiacha.

“Huyo mwanamke angependa mtu aje?” nikauliza.

Nikasikia chupa ikisogezwa mezani. “Hataki watu wa kikao wamwone.”

“Basi hatakuja mtu wa kikao. Atakuja mpaka rangi.”

Nikasikia kitu kama kicheko, au kilio, na hapo nikatambua kwamba nimeshaahidi.

Kwetu hatumtembelei mtu aliyelewa tukiwa peke yetu. Ni lazima muwe wawili. Nilichukua simu ya dada nikampigia Mpiga picha, haipatikani. Dereva alikuwa amekwama na gari lake ng’ambo ya daraja tangu asubuhi, na daraja lilikuwa limefungwa. Simu ya ushirika bado ilikuwa kwenye sikio langu la kushoto, naye bado alikuwepo, anapumua. Dada alikuwa amesimama kando, unga mikononi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amesikia yote.

“Twende,” akasema.

“Dada, si lazima. Wewe si wa—”

“Wewe nilikutoa wapi siku ile?” akanikata kauli. “Kwani nilikuwa mwanachama? Twende.”

Hakunawa hata ule unga. Mvua ilimnawisha.

Tukaenda hivyo, maji magotini, dada ameshika mwavuli juu ya kichwa changu ili simu isilowe, yeye mwenyewe analowa. Nilikuwa sijawahi kufika kwake. Nikamwambia, “Tumefika kwenye duka la mbao, huyo mwanamke anakaa upande gani?” Na pale pasi ikarudi. Sauti ikanyooka.

“Pinda kushoto. Usipite kwenye kidaraja, kimeoza. Zunguka ukuta wa shule.”

“Tumezunguka.”

“Kuna geti la buluu. Limepauka, linahitaji rangi.”

“Nimeliona. Kweli linahitaji.”

“La nne baada ya hilo. Nani huyo anayelalamika?”

“Ni dada yangu. Kapoteza kiatu.”

“Mwambie asikitafute. Kitakuwa kimeshafika sokoni.”

Alituongoza hatua kwa hatua, kama alivyokuwa akiunganisha watu zamani, hadi tukasimama mbele ya mlango. Nikabisha. Nikasikia mlio wa kukatwa sikioni mwangu, na mlango ukafunguka.

Alikuwa amevaa vizuri, nywele amezichana. Hilo lilinichoma kuliko kama ningemkuta sakafuni. Aliona dada yangu ana kiatu kimoja, akaona ni mtu asiyemjua, akataka kurudisha mlango. Dada akasema, “Shikamoo, mama. Naomba kitambaa nikaushe miguu, nisikuchafulie,” akapita. Hakukuwa na la kumzuia.

Dada akawasha jiko. Akapika uji, akaosha vyombo vya siku kadhaa bila kusema neno. Alipofika mezani akaishika ile chupa kwa vidole viwili.

“Hii niimwage, au unaimwaga mwenyewe?”

Shangazi akainuka kwa kushikilia meza. Akaibeba mpaka mlango wa uani, akaimwaga kwenye mvua, akabaki amesimama akiangalia kama kuna kitakachobaki. Hakikubaki kitu. Akarudi akaketi, akanywa uji nusu bakuli.

Nilikaa mbele yake na ile simu magotini. Nilijua sasa kwa nini alikuwa akiitazama, au nilidhani najua.

“Shangazi, chukua simu yako,” nikasema. “Nitawaeleza kikaoni, watanielewa.”

“Nikiichukua nitampigia nani?”

Nikairudisha magotini.

“Miaka yote nimelala nayo chini ya mto,” akasema. “Watu walidhani nimeacha pombe sababu nina nguvu. Nilikuwa nimeacha sababu nilikuwa napokea. Mtu anayepokea hana muda wa kuumwa. Zikija siku zangu mbaya, na zilikuja, nilikuwa naishika hivi, naiangalia.” Akaonyesha kwa kiganja kitupu. “Ningepiga, ningekuta inatumika.”

Dada, aliyekuwa na mgongo kwetu kwenye beseni, akacheka. Alijaribu kukizuia kicheko kikamponyoka. Shangazi akamtazama, akacheka naye, kisha akalia, na dada akaja kukaa kwenye mkono wa kiti chake, mikono inachuruzika maji, akamwacha alie.

“Leo,” Shangazi akasema baadaye, “ndiyo mara ya kwanza nimepiga namba ile. Naijua kwa moyo kuliko jina langu, na vidole vikakosea mara mbili.”

Dada alilala huko. Mimi nilirudi kuangalia mikate. Yote ilikuwa imeumuka kupita kiasi ikalala chini. Niliioka hivyo hivyo.

Aprili 18

Dada karudi mchana na viatu vya Shangazi miguuni, vikubwa. Hakusema kitu juu ya klabu ya chai. Kaniuliza tu, “Kikao kijacho ni lini? Yule mama asiende peke yake.”

Aprili 23

Shangazi kaja, dada kamsindikiza mpaka mlangoni. Zamu yake ilipofika alisimama akasema ni mlevi, amekunywa wiki iliyopita, anaanza upya. Basi. Bati lilikuwa kimya siku hiyo, mvua ilikuwa manyunyu tu, na kila mtu alimsikia. Fundi bomba aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama vidole vyangu.

Aliyesema wa kwanza ni Dereva. Kumbe hakuwa amelala. Akafumbua macho akasema, “Siku yangu ya kwanza kupiga ile namba, ulinisikiliza nikipiga miayo tu, saa nzima. Sikuweza kusema. Hukukata.” Akafumba tena. Nikaelewa kwamba wiki zote hizo nimekaa karibu na mtu anayesikiliza kuliko sisi wote.

Tulipotoka Shangazi akanivuta kando.

“Yule mwanamke bado anapiga?”

“Bado. Bado anakata.”

“Siwezi kukwambia ni nani. Lakini akipiga, usimuulize jina wala anataka nini. Mwambie umepaka rangi gani leo. Anapenda kusikia watu wakisema kazi zao.”

Aprili 25

Kapiga. Nikamwambia nimepaka dari ya duka la dawa, nyeupe, nyeupe ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, kila kosa linaonekana. Akasikiliza. Akasema, “Na ukikosea?” Nikasema unasubiri ikauke, unapaka tena. Tuliongea kama robo saa juu ya dari.

Aprili 30

Dari tena. Pia milango.

Mei 6

Leo kikaoni aliingia mwanamke amefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, akakaa karibu na mlango. Nilimpa chai kama ninavyompa yeyote. Akasema, “Asante,” na sauti niliijua. Hakunitazama, nami sikumwonyesha. Shangazi alihamisha kiti chake, taratibu, mpaka kikawa jirani na cha huyo mama. Hawakusemeshana hadi mwisho.

Mei 10

Jua siku nzima. Mji mzima umeanika magodoro.

Mei 14

Mvua zimekatika, zamu nimeimaliza. Nilisimama nikasema ninavyoona: simu isishikwe na mtu mmoja, iwe na wawili, na mmoja wao awe mwanamke. Walikubali bila ubishi. Dereva ataishika mchana kwa kuwa hutoka kazini saa nne asubuhi, Mpiga picha ataishika jioni akifunga studio. Mtu akapendekeza Shangazi awe wa tatu, wa kusaidia.

“Niacheni kwanza,” Shangazi akasema. “Bado najifunza kupiga.”

Kachagua kuosha vikombe. Anaviosha vibaya, anaongea mno.

Mimi sina huduma msimu huu. Nilirudi nyumbani nikawa kila mara napapasa mfuko.

Mei 19

Asubuhi nimeitwa na mwenye baa ya kona, ile yenye taa nyekundu. Anataka baa nzima ipakwe rangi, ndani na nje, na anataka kazi ianze kesho. Ni kazi kubwa kuliko zote nilizopata tangu mvua zianze. Alinitembeza. Viti vilikuwa juu ya meza, kunadekiwa, na ile harufu ilikuwa imekaa kwenye kuta kama moshi jikoni. Aliongea juu ya rangi ya krimu, nikawa naitikia, na mdomo wangu ukajaa mate. Nikamwambia nitamjibu mchana.

Nilisimama chini ya ukumbi wa duka la jirani. Nilikuwa nikijiambia kwamba ni ukuta tu, ukuta hauna kosa. Nilijiambia kwa maneno mazuri sana, na uzuri wake ndio ulionitisha. Nikatoa simu yangu nikabonyeza ile namba.

Sikuwahi kujua inavyolia upande huu. Ukipokea, ni milio miwili mitatu. Ukipiga, ni mirefu, na katikati ya mlio na mlio mtu unaweza kubadili nia. Nilielewa kwa nini walikuwa wakikata.

“Haloo,” akasema Dereva. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia. “Karibu. Nipo.”

Sikuweza kuanza. Nikapumua tu. Yeye akanyamaza, kunyamaza kwake kule kwa mikono kifuani, na haikuonekana kama ana haraka ya kwenda popote.

Nikamweleza. Nilipomaliza aliuliza, “Kuta za nje zina mlango wa kuingilia ndani?”

“Hapana. Ni za upande wa barabara.”

“Na jua lipo.”

“Lipo.”

“Mimi kesho saa nne natoka kazini,” akasema. “Naweza kuja kukushikia ngazi.”

Nilirudi kwa mwenye baa nikamwambia nje ni langu, ndani atafute mtu mwingine. Alikunja uso, kisha akasema sawa, alimradi krimu iwe ile ile. Dada kaniuliza jioni mbona nimeacha nusu ya kazi nzuri. Nikamwambia ukweli. Alinitazama kidogo, akasogeza kikapu cha mikate upande wangu wa meza, akasema, “Wabebee na wale wa kwenye baa kesho. Watakuwa na njaa, wanafungua asubuhi bila kula.”

Kesho naanza kuparua rangi ya zamani, ukuta wa barabarani.